Asubuhi za Bibi Somoe

Kijiji cha Namichinga,
Wilaya ya Ruangwa.
18 Agosti 2024

Kaka yangu Twaha,

Assalaam alaikum, na shikamoo. Naomba Mungu barua hii ikukute mzima, wewe na wifi Rukaiya na watoto, na baridi ya Makambako iwe haijakurudishia kile kifua. Mimi mwili hauna tatizo. Mama nilimwona Naipingo juma lililopita. Goti linamsumbua akiinama, lakini mikorosho yote amefagilia mwenyewe, kwa sababu anasema vibarua wa siku hizi wanafagia kama wanabembeleza majani. Anakusalimu sana. Anauliza lini utamletea mtoto wa mwisho amwone kabla hajaanza kuota ndevu.

Najua utashangaa kuletewa karatasi na dereva wa basi wakati simu ipo. Kwenye simu ningeshindwa. Wewe ukianza kuniita mama mdogo, na kunichekesha, mimi hucheka, kisha nakata simu nikiwa sijasema lililonifanya nipige. Safari hii nataka niseme mpaka mwisho.

Umeniuliza mara nyingi habari za kiwanja cha nyumba yako ya wageni. Kibali cha ujenzi kilitoka, kama nilivyokwambia. Msingi ulianza kuchimbwa, na picha alizokutumia fundi Dastani ni za kweli. Lakini sasa kazi imesimama, na nakuomba usimlaumu Dastani wala usimpigie kumtukana. Hana kosa. Sababu nitakueleza kwa mpangilio, maana nikianzia mwishoni hutanielewa, na huenda usiendelee kusoma.

Wewe Namichinga uliiona siku moja tu, tena siku ya kuonyeshwa viwanja, watu wamevaa vizuri na Mtendaji Yasini anasema kama mtu wa redio. Siku za kawaida ni kijiji kilichobaki na nyumba nyingi kuliko watu. Wakati wa dhahabu, wanasema, hapa palikuwa na baa na nyumba za video, na makarasha ya kusaga mawe yalinguruma hata watu wakawa wanasemezana kwa kupiga kelele. Mpaka leo wazee wa hapa husema kwa sauti kubwa, na mgeni hudhani wanagombana. Dhahabu ilipokata, wageni wakaondoka na mabati yao. Wenyeji walibaki na mashimo, yale wanayoyaita maduara, wakayafukia moja baada ya jingine kwa kifusi, mbuzi wasiendelee kutumbukia. Sasa barabara inatengenezwa na watu wa madini ya kinywe wanapita kutafuta pa kulala, ndiyo maana ardhi imeamka tena, na ndiyo maana kampuni yetu ikaletwa kupanga makazi na kupima viwanja.

Kazi yangu unaijua. Napokea maombi, na kwa kila kiwanja nakusanya taarifa: nani anakidai, jirani ni nani, kuna miti gani ya kudumu, kuna njia, kuna kisima, kuna kaburi. Mchoro ukikamilika hubandikwa ofisi ya kijiji, na mwenye pingamizi huambiwa alilete kabla ya siku iliyotajwa. Ombi lako lilipofika nilimweleza mkuu wangu, Bwana Titus, kwamba mwombaji ni kaka yangu wa tumbo moja. Alicheka, akasema kijiji kizima hiki ni ndugu, tukianza kuogopa undugu hatutapima hata choo. Nikaliendeleza ombi lako kama mengine. Nilijisifu moyoni kwamba silipendelei, na kwa kweli sikulipendelea. Niliuliza maswali yote. Nilipouliza kama pale pana kaburi, Mtendaji alisema hakuna, wazee wawili wakasema hakuna kaburi, ni duara tu lililofukiwa kama mengine. Nikaandika hakuna.

Mimi nimepanga kwa Mama Letisia, yule mjane mwenye mgahawa ambako wewe ulikula samaki ukasema wana chumvi ya kulipiza kisasi. Baada ya mchoro kubandikwa, bibi mmoja alianza kuja pale asubuhi. Jina lake Bibi Somoe. Ni mwembamba, amejifunga kanga mbili, na ana adabu ya zamani, haketi mpaka aambiwe. Alinisalimia vizuri, akaniuliza habari za Naipingo, akaniuliza Mama yetu ni wa ukoo gani, akaniuliza habari zako kwa jina. Nikamkaribisha chai na mihogo. Akasema ahsante mjukuu wangu, na hakugusa. Akakaa mpaka jua lilipopanda, akaaga.

Kesho yake alikuja tena, na siku iliyofuata, na nyingine. Kila mara tulizungumza mambo mepesi: mvua, bei ya ufuta, mbwa wa Mtendaji anayeogopa kuku. Kila mara hakula, hata maji hakunywa. Nilidhani anafunga sunna. Baadaye nikadhani tumbo linamsumbua, maana wazee huficha, nikamnunulia dawa dukani. Aliipokea kwa mikono miwili, akaiweka kwenye pindo la kanga, akanitazama kwa muda mrefu kidogo. Siku nyingine nikampikia uji laini kwa mkono wangu nikiwa nimechelewa kazini. Uji ukapoa mbele yake, na nilikasirika, kaka, ingawa sikuonyesha. Nilijiambia bibi huyu hana kazi, amenigeuza redio yake ya asubuhi.

Siku moja nilimwuliza ametoka wapi mapema hivyo, kwa kuwa miguu yake ilikuwa na umande. Akasema ametoka kwa Faridi. Nikamwuliza Faridi ni nani, akasema ni mwanawe wa mwisho. Nikamwambia amfikishie salamu zangu. Bibi Somoe akasema atasikia.

Siku ya mwisho ya pingamizi ilipofika palifanyika mkutano wa kijiji. Mtendaji Yasini aliuliza mara tatu kama kuna mwenye neno juu ya mchoro. Kijana mmoja akasema neno lake ni kwamba soda hazitoshi, watu wakacheka. Bibi Somoe alikuwa amekaa upande wa wanawake. Hakusema kitu. Mimi nikaandika kwenye taarifa kwamba hakuna pingamizi lolote, Bwana Titus akasaini chini ya jina langu, ikapelekwa. Kibali chako kilitoka haraka kuliko vyote, na siku kilipobandikwa ndipo nilipokupigia, na ukapiga kigelegele kwenye simu kama mwanamke, gereji yako nzima ikasikia.

Asubuhi iliyofuata Bibi Somoe alikuja. Mama Letisia, kwa mazoea tu, akamwekea sahani ya ugali wa muhogo na kisamvu. Bibi Somoe akanawa, akala. Alikula taratibu, akamaliza, akapangusa sahani kwa tonge la mwisho, akanawa tena, akashukuru. Mimi nilifurahi. Nilisema kwa sauti, alhamdulillahi, leo bibi amepona. Hapo nikamwona Mama Letisia ameacha kuchochea moto, ameshika mdomo. Bibi Somoe akaniambia nibaki salama, akaenda. Tangu siku hiyo hakuja tena.

Nilimwuliza Mama Letisia kulikoni, akasema niulize shule nilikosomea. Alinisusa siku nzima. Nilidhani ni mambo yao ya kijirani, nikaenda kazini.

Kisha Dastani akaanza kuchimba. Alikuwa na furaha, udongo laini, jembe linazama lenyewe. Aliniambia kaka yako amepewa kiwanja cha siagi, angejua angeleta na mkate. Lakini kwenye kona ya upande wa barabara jembe likagonga mti. Wakauvuta, ukatoka mti mrefu wenye vipande vya kukanyagia vimefungwa kwa kamba ya nailoni: ngazi ya kushukia duarani. Vijana wake wakarudi nyuma. Dastani akawatania kwamba wanaume wazima wanakimbia kuni. Akaivuta zaidi. Ilikuwa ndefu, haikuisha. Mwishowe yeye mwenyewe akaweka jembe chini, akavaa shati lake, akaja mpaka mgahawani kuuliza pale palikuwa kwa nani.

Mama Letisia ndiye aliyetujibu. Alisema pale ni kwa Faridi. Faridi alishuka duara lile mwaka wa mvua nyingi, na ukuta ukamfunika. Wenzake walichimba kumtafuta mpaka ukuta wa pili ukaanza kushuka, ndipo wazee wakasema basi, asije akafuatwa na wengine. Wakamsalia pale juu, wakafukia. Hakuoshwa, hakuvishwa sanda, hakuwekwa ubavu kuelekea kibla, kwa hiyo hakuna anayepaita kaburi. Ukiuliza kama pana kaburi watakwambia hakuna, na hawadanganyi. Mama yake huenda pale kila alfajiri, akaketi, akarudi.

Nikamwuliza, kwa ukali ninaoujutia, kwa nini basi bibi huyu hakusema. Alikuwa na mkutano mzima wa kusemea. Alikuwa na mimi kila asubuhi. Mama Letisia akasema alisema. Alisema kila siku, ila mimi sikumwuliza.

Huenda wewe ungejua, kaka, kwa sababu uliondoka Naipingo mkubwa, mimi nikapelekwa bweni nikiwa bado nalala na Mama. Mtu mwenye neno zito na jamaa fulani, anapokuwa mzee na anajiheshimu, halipeleki mbele ya watu. Anakwenda nyumbani kwa jamaa huyo asubuhi, anasalimia, anazungumza mengine yote, na hali kitu cha nyumba ile. Mwenye nyumba akiona hivyo, ni kazi yake kuuliza: bibi, una neno na sisi? Ndipo husemwa. Likisemwa likaisha, wanakula pamoja. Asipoulizwa hurudi kesho. Na siku akila bila kuulizwa, maana yake ameliacha. Amemwachia Mungu, na hataligusa tena maisha yake yote. Mama Letisia alisema alidhani ninajua, kwamba nimeamua tu kutouliza, kama wakubwa wanavyoamua. Alisema siku ya dawa ya tumbo alikwenda kucheka nyuma ya jiko, kisha akalia.

Kuna jambo moja linanikosesha raha kuliko yote. Nilimwuliza Mama Letisia kwa nini Bibi Somoe hakwenda kwa Mtendaji, au kwa Bwana Titus mwenye ramani. Akanitazama kama anayemtazama mtoto. Akasema bibi hana ugomvi na ramani. Mwenye kutaka kujenga juu ya mwanawe ni Twaha, na nyumba ya Twaha hapa Namichinga ni dada yake. Kwa hiyo yeye alikuwa akija kwa dada yako, kaka. Mimi nikampokea kama ofisi.

Usiku huo sikulaumu mtu, niliandika. Niliandika maelezo kwamba taarifa yangu ilikosea, kwamba pingamizi lilikuwepo na lililetwa kwangu ndani ya muda, kwamba chini ya kiwanja kile amelala mtu. Nikampelekea Bwana Titus. Aliyasoma akiwa amesimama. Aliniuliza kama nataka aandike kwamba bibi alipinga kwa kutokunywa uji. Nikasema ndiyo. Akasema kama ninaogopa ardhi itatitia, ipo dawa, zege nene na nondo, nyumba itasimama mpaka wajukuu. Nikasema siyo nyumba ninayoiogopea. Akaniambia nina akili nyingi na busara bado inakuja, kisha akayapeleka, kwa sababu ni mtu mwaminifu. Lakini aliniondoa kwenye kazi za Namichinga. Mwisho wa mwezi nitarudi Nachingwea mjini kungoja watakaloamua juu yangu.

Kwa hiyo sasa unajua, kaka. Kibali chako kimesitishwa, na aliyekisitisha ni mimi. Utaletewa barua rasmi na utaona jina langu. Nilitaka ulisome kwanza kwa mwandiko wangu. Na siyo hilo tu. Ningeweza kukupigia kabla sijapeleka maelezo yale. Simu ilikuwa mkononi. Nilijua ungeniambia nisubiri kidogo, nawe ungeniambia kwa upole, na mimi ningesubiri. Uliuza gari kwa ajili ya matofali yale. Wifi ameshachagua rangi ya mapazia. Nilijua yote hayo, nikapeleka kwanza, nikakuandikia baadaye, ili usipate nafasi ya kuniomba. Hapo nimekukosea, na sitasingizia haki ya Bibi Somoe, maana haki yake haikunilazimisha nikufiche wewe.

Lipo jingine, na hili sijalisema kwa mtu yeyote.

Nilipopata habari kwamba kibali kimesitishwa nilikwenda kumtafuta Bibi Somoe nimpe habari njema. Nyumba yake ilikuwa imefungwa. Amehamia Marambo kwa mtoto wa dada yake. Nikachukua bodaboda mpaka huko, njia nzima nikipanga maneno. Nilimkuta anachambua choroko. Alinipokea vizuri mno, akaniuliza habari za mbwa wa Mtendaji. Nikapiga magoti, nikamwuliza lile ambalo nilipaswa kumwuliza tangu mwanzo, kama ana neno na sisi. Akaendelea kuchambua. Akasema mjukuu wangu, mimi nilishakula.

Nikamweleza kwamba ujenzi umesimama, pale patabaki kama palivyokuwa, arudi. Akasema hana la kurudia. Kabla hajaondoka alichota udongo wa pale kwenye kanga, akaja nao Marambo, akaufukia chini ya mwembe wa pale uani. Sasa alfajiri hana safari ndefu. Kisha akasema nimwambie kaka yangu ajenge tu. Nyumba ya wageni ni jambo jema, Faridi alipenda watu, alipenda kelele. Alisema hivyo bila uchungu, kama mtu anayegawa nguo za marehemu. Akaniletea choroko nile. Nilikula, kwa sababu sikujua tena kukataa kungemaanisha nini.

Maneno hayo sijayaandika popote. Maelezo yangu ofisini yanasema mama wa marehemu anapinga. Yalikuwa kweli siku nilipokuwa siulizi, na hayakuwa kweli tena siku nilipoyaandika. Nimejiambia kwamba ruhusa ya mtu aliyechoka kungoja siyo ruhusa. Naamini hivyo mpaka sasa. Lakini najua pia kwamba kuamini kwangu siyo ushahidi, na kwamba mara ya kwanza pia niliamini naandika kweli.

Una haki ya kukata rufaa. Barua rasmi itakuambia upeleke wapi na kabla ya siku gani. Pingamizi langu lina udhaifu mmoja tu, nao ni huo niliokuandikia hapo juu. Mpeleke mtu Marambo akamwulize Bibi Somoe, atasema mbele ya yeyote kwamba ujenge, na maelezo yangu yataanguka siku hiyohiyo. Nakupa mimi mwenyewe, usije ukaambiwa na mtu mwingine kwamba dada yako alijua akanyamaza. Ukitumia, sitakulaumu, wala sitasema kwa Mama. Usipotumia, Bwana Titus amesema kipo kiwanja kule nyuma ya shule, mbali na barabara. Hakuna mgeni atakayelala huko, nakwambia ukweli.

Ninaloomba ni moja. Usimtume Dastani, wala mwanasheria. Njoo mwenyewe, ufike pale alfajiri kabla watu hawajaamka, usimame kwenye ile mitaro aliyochimba. Sasa hakuna tena anayekuja kuketi pale. Ukishasimama, amua.

Nisalimie wifi Rukaiya, na umweleze habari za mapazia kwa namna utakayoona inafaa. Mimi nimeshindwa kuipata. Wabusu watoto. Mama usimwambie lolote mpaka tuonane, goti linamtosha. Mama Letisia anakusalimu, anasema samaki wa siku hizi hawana chumvi. Mungu akupe subira juu yangu.

Ni mimi mdogo wako,
Fauzia